Ningemtoa Libbok, lakini benchi nisingemnyima

Jumamosi, Oktoba 21, 2023, saa nne usiku saa zetu. Nusu fainali ya Kombe la Dunia la raga, Afrika Kusini na Uingereza, Stade de France, mvua inanyesha. Sisi tuko Nairobi, watu tisa tumebanana kwenye meza ya watu sita, na dada anayetuhudumia ameshachoka kutuuliza kama tutaongeza kitu. Dakika ya 31 mabadiliko yanatangazwa. Anatoka namba kumi, Manie Libbok. Anaingia Handré Pollard.

Libbok hajaumia. Hajaonyeshwa kadi. Ametolewa tu, na hata mapumziko hayajafika.

Meza yetu ililipuka kama matatu iliyopandisha nauli katikati ya safari. Wengine walisema ni uonevu, mchezaji hatolewi hivyo mbele ya dunia nzima. Wengine walisema amechelewa kutolewa. Na mimi, niliyekuwa nimemtetea Libbok mwezi mzima kwa sababu ambazo nitakuambia baadaye, nilijikuta nimesema kwa sauti, "Ni sawa." Beshte yangu aliyekaa kando yangu aliniangalia kama mtu aliyeuza shamba la familia.

Ubishi huo haujaisha hadi leo, na ndiyo maana naandika.

Wengi wetu hapa Kenya raga tunaijua kupitia Sevens. Tunawajua akina Collins Injera na Humphrey Kayange, na tunakumbuka ile Jumapili ya 2016 tulipoinyuka Fiji 30-7 kwenye fainali ya Singapore na mji mzima ukajifanya umekuwa ukifuatilia raga tangu utotoni. Sasa, kwenye Sevens trai huja kwa wingi. Ukikosa mkwaju mmoja baada ya trai, dakika moja baadaye kuna mtu anakimbia tena na watu wamesahau. Raga ya watu 15 haikusamehei hivyo. Penalti moja ni pointi tatu, na kwenye mechi kubwa timu inaweza kukaa nusu saa nzima bila kuona mstari wa trai. Anayepiga hizo penalti mara nyingi ni namba kumi. Kama wewe ni mtu wa soka, mchukue kiungo mchezeshaji, mpe kazi ya kuamua kila mpira uende wapi, mwongezee mikwaju yote iliyotulia, halafu umwachilie majamaa wa kilo 110 wamkimbilie kila anapogusa mpira. Huyo ndiye namba kumi. Jezi ni moja.

Pollard kufikia mwaka huo alikuwa ameshaitwa mwamba. Fainali ya 2019 kule Japani, Afrika Kusini ilipoipiga Uingereza 32-12, pointi 22 zilitoka kwa mguu wake. Wiki moja kabla ya hapo penalti yake ya dakika za mwisho ndiyo iliyoing'oa Wales, 19-16. Si mchezaji wa mbwembwe. Ukimwangalia dakika kumi unaweza kudhani hafanyi kitu. Anasimama mahali anapotakiwa, anakaba kama mtu wa skramu, na mpira ukiwekwa chini anaupiga kati ya milingoti halafu anarudi zake. Lakini 2023 alikuwa anauguza msuli wa mguu, na kikosi cha wachezaji 33 kilipotajwa, jina lake halikuwemo.

Libbok ni mtoto wa Humansdorp, mji mdogo wa Eastern Cape. Alianza kuchezea Springboks Novemba 2022 tu, kwa hiyo Kombe la Dunia lilimkuta akiwa bado mgeni kwenye hiyo jezi. Na aliicheza jezi hiyo vile sisi watoto wa mtaani tungependa ichezwe. Mechi ya kwanza, dhidi ya Scotland pale Marseille, alipiga mpira wa kuvuka uwanja huku uso wake ukiangalia upande mwingine kabisa. Hakuutazama mpira ulikoenda. Kurt-Lee Arendse akaupokea kule pembeni akafunga trai. Mimi niliruka nikamwaga soda ya mtu nisiyemjua. Kama hukuiona hiyo, nenda YouTube uitazame, mimi nakungoja hapa.

Umerudi? Sawa. Sasa sikiliza upande wa pili, kwa sababu mechi hiyohiyo Libbok alikosa mikwaju, na Faf de Klerk, ambaye kazi yake ni namba tisa, akalazimika kumsaidia kupiga. Afrika Kusini ilishinda 18-3, kwa hiyo hakuna aliyelia sana. Septemba 23 wakakutana na Ireland. Wakapoteza 13-8. Libbok na de Klerk kwa pamoja waliacha pointi 11 uwanjani siku hiyo: penalti tatu na mkwaju mmoja wa baada ya trai. Walipoteza kwa pointi tano. Hiyo ni hesabu ya darasa la tatu, huhitaji kikokotoo.

Kati ya mechi hizo mbili kulikuwa kumetokea jambo ambalo, kwangu mimi, lilikuwa limeshaamua kila kitu. Malcolm Marx aliumia goti mazoezini. Marx ni huka, yule wa katikati kwenye mstari wa mbele wa skramu, ambaye pia ndiye anayerusha mpira unapotoka nje. Ni kazi ya wataalamu, humpi mtu yeyote tu. Ungetegemea waite huka mwingine. Wakamwita Pollard. Yaani fundi wa mabomba ameumia, wewe unaleta fundi wa stima, kwa sababu ndani ya moyo wako unajua shida ya nyumba ni stima.

Kuanzia siku hiyo Libbok alikuwa anacheza huku kivuli cha mtu mwingine kikimfuata uwanjani. Siku ya Ireland Pollard alikuwa tayari Ufaransa, ila hakucheza. Alianza dhidi ya Tonga. Kisha robo fainali ikaja, na kocha Jacques Nienaber akamrudisha Libbok kuanza dhidi ya wenyeji, Ufaransa. Hapa ndipo watu wanaosema Libbok alifeli Kombe la Dunia wanapaswa kukaa chini.

Nusu ya kwanza ya mechi ile ni mojawapo ya dakika 40 bora zaidi nilizowahi kutazama katika mchezo wowote. Ufaransa wanafunga, Afrika Kusini wanajibu, Ufaransa wanafunga tena. Hadi mapumziko ilikuwa 22-19, na Springboks walikuwa na trai tatu: Arendse, Damian de Allende, Cheslin Kolbe. Namba kumi wao dakika hizo zote alikuwa Libbok, na alipachika mikwaju miwili ya baada ya trai. Pollard akaingia mapema kipindi cha pili. Eben Etzebeth akafunga trai, Pollard akaongeza mbili, kisha akapiga penalti ya mbali sana. Ikaisha 29-28.

Kwa hiyo mmoja aliufungua mlango na mwingine akaufunga wezi wasiingie. Niambie ni nani hapo alikuwa wa ziada.

Kosa letu kubwa kwenye huu ubishi ni kwamba tunauliza nani ni mkali. Hilo si swali la kocha. Kocha, nadhani, anauliza ni makosa gani anayoweza kuyabeba leo. Makosa ya Libbok yanaonekana. Mpira unapita kando ya mlingoti, msaidizi wa refa hainui bendera, kamera inamganda usoni, na ubao wa matokeo unabaki vilevile. Kila mtu baani anaweza kuyahesabu. Makosa ya Pollard hayaonekani, kwa sababu ni vitu ambavyo havikutokea. Ni ile pasi ambayo hakuithubutu. Ni ule mpira wa kuvuka uwanja ambao hakuupiga, na Arendse akabaki kule pembeni peke yake akipunga mkono. Hakuna takwimu za trai ambazo hazikujaribiwa. Ndiyo maana mchezaji mwangalifu siku zote huonekana hana deni.

Sasa rudi kwenye ile nusu fainali. Mvua. Uingereza wanapiga mipira juu, juu, juu, wanangoja ikuponyoke. Hakuna nafasi ya mbwembwe hapo, mpira wenyewe unateleza kama sabuni. Libbok alikuwa amepata penalti moja, lakini Uingereza walikuwa wanaikaba shingo ile mechi na kila shambulio la Springboks lilikufa kabla ya kuzaliwa. Siku kama hiyo, kipaji cha Libbok hakina soko. Unachohitaji ni mtu ambaye ukipata penalti moja ya mbali, moja tu, hataikosa. Dakika ya 69 walikuwa nyuma 15-6. RG Snyman akafunga trai, Pollard akaongeza mbili. Halafu Ox Nche na wenzake wakaisukuma skramu ya Uingereza hadi refa akapuliza. Dakika ya 78, karibu mita 50, mpira umelowa. Pollard akaupiga. 16-15.

Kwa hiyo nasema tena nilichosema usiku ule. Kumtoa Libbok dakika ya 31 kulikuwa sawa. Kungoja mapumziko ili tu asiaibike kungekuwa huruma ya bure, na dakika tisa kwenye nusu fainali si chache.

Najua kuna msomaji anayesema mimi nimesahau nchi inayozungumziwa. Sijasahau. Pollard ni mzungu, Libbok si mzungu, na Afrika Kusini swali la nani avae jezi halijawahi kuwa la mpira peke yake. Mchezaji wa kwanza asiye mzungu kuwachezea Springboks mechi ya kimataifa, Errol Tobias, alipewa nafasi hiyo mwaka wa 1981 tu. Mwaka wa 1984 alivaa hiyohiyo namba kumi dhidi ya Uingereza. Jumla ya mechi zake za kimataifa ni sita. Kwa hiyo msee mmoja kwenye meza yetu aliposema "hii ni rangi," sikumcheka. Lakini sikukubaliana naye pia. Kikosi hicho kilikuwa na Siya Kolisi kama nahodha, na makocha hao hao ndio waliompa Libbok mechi za Scotland, Ireland, Ufaransa na Uingereza, zote kubwa. Ukitaka kumfanyia mtu hila, humwanzishi mbele ya Wafaransa elfu themanini.

Ninapogombana na makocha ni wiki iliyofuata.

Fainali, Oktoba 28, New Zealand. Pollard anaanza, hiyo naelewa. Lakini Libbok hayumo hata kwenye wale 23. Benchi lilikuwa na wachezaji saba wa mbele na mmoja tu wa nyuma, Willie le Roux. Pollard alipiga penalti nne kipindi cha kwanza, pointi 12, na hizo ndizo pointi zote za Afrika Kusini. Sam Cane wa New Zealand akapewa kadi nyekundu kabla ya mapumziko. Sasa hesabu nami: kipindi cha pili chote Springboks wanacheza dhidi ya timu iliyobaki na watu 14, isipokuwa dakika ambazo wao wenyewe walikuwa na kadi ya njano, na hawakupata hata pointi moja. Sufuri. Waliobaki 14 ndio waliofunga trai, kupitia Beauden Barrett. Richie Mo'unga akakosa mkwaju wa baada yake. Ungeingia, New Zealand wangekuwa mbele 13-12. Kisha Jordie Barrett akakosa penalti ya mbali, karibu umbali uleule ambao Pollard alipiga wiki moja kabla. Ikaisha 12-11.

Na lile deni la huka? Bongi Mbonambi aliumia dakika za kwanza kabisa za fainali, na Deon Fourie, mchezaji wa safu ya tatu ya skramu, akacheza karibu mechi nzima kama huka. Mipira ya kurusha ikawasumbua. Hiyo ndiyo bei ya kumwita Pollard badala ya huka, na ilikuja kudaiwa siku ya mwisho.

Walishinda, kwa hiyo hakuna aliyewauliza. Ukishinda watu huita uamuzi wako ujasiri, ukishindwa ni ujinga, na uamuzi wenyewe ni uleule. Lakini mimi nakuuliza wewe: mpinzani amepungukiwa na mtu, nafasi zimefunguka, unahitaji trai moja tu ya kuua mechi. Nani kwenye kile kikosi angeiona hiyo nafasi bila hata kugeuza kichwa? Hakuwemo hata kwenye wale 23. Ningetoa mmoja wa wale saba nikamweka. Hata kwa dakika 15.

Nilikuahidi sababu zangu. Nilicheza namba kumi shuleni. Si kwa ukali wa kutajwa magazetini, lakini wenzangu walijua nikiwa na mpira kuna kitu kitatokea, kizuri au kibaya. Kidato cha tatu tulifika fainali ya kaunti. Asubuhi ya mechi kikosi kilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, na namba kumi lilikuwa jina la beshte yangu, jamaa aliyekuwa akipiga penalti peke yake jioni wakati sisi tumeenda kula. Mimi sikuwa hata kwenye akiba. Kocha hakuniambia neno. Hakuniita kando, hakuniambia "wewe leo hapana, kwa sababu hii." Nilisoma kwenye karatasi, kama mtu anayesoma tangazo la mazishi.

Tulishinda 9-5. Penalti tatu. Zote zake.

Mimi raga niliacha wiki hiyohiyo. Nilijiambia kwamba mchezo umenikataa. Miaka michache baadaye niliacha na chuo, muhula wa tatu, na ukiniuliza leo, hadithi ni ileile kwa sehemu kubwa: karo ilikuwa shida, ndiyo, lakini pia kulikuwa na karatasi kwenye ukuta iliyosema nimefeli somo moja, na mimi nikaisoma kana kwamba imesema nimefeli yote. Usinihurumie, niko sawa, blogu inalipa kodi miezi mingi. Nakuambia ili ujue kwa nini dakika ya 31 ilinigusa, na kwa nini sikuweza kusema ni uonevu. Kocha wangu alikuwa sahihi kuhusu fainali ile. Mimi ningejaribu kitu cha kuvutia na tungepoteza. Alichokosea ni kuniacha nje ya akiba, na kuninyima hayo maneno mawili.

Libbok hakuondoka. Hilo ndilo linalonisumbua ninapomtazama. Mwaka uliofuata alikuwa tena kwenye jezi. Septemba 2024, kule Santiago del Estero, Argentina, Springboks walikuwa nyuma kwa pointi moja na penalti ikapatikana dakika za mwisho. Ilikuwa ndoto mbaya ileile, macho yaleyale. Akakosa. 29-28. Nilizima simu nikalala. Na bado, 2025, jina lake lilikuwa kwenye vikosi, anaanza huku, anaingia kule, anapiga zile pasi zake za kichawi, wakati mwingine mkwaju unaingia, wakati mwingine hauingii.

Yule beshte aliyechukua jezi yangu ndiye aliyekuwa kando yangu usiku wa nusu fainali. Ndiyo, huyohuyo. Cha ajabu ni kwamba yeye, mpiga penalti, ndiye anayemtetea Libbok hadi kesho. Anasema mtu akishapiga penalti tatu kwenye fainali, maisha yake yote watu humkumbuka kwa penalti, na hakuna anayemuuliza kama alitaka kukimbia na mpira. Mimi, mtu wa mbwembwe, nimebaki upande wa Pollard. Tunabishana hivyo kila msimu.

Septemba 2025 pale Durban, Sacha Feinberg-Mngomezulu alivaa namba kumi dhidi ya Argentina akapata pointi 37 peke yake, rekodi ya Springboks kwa mechi moja: trai tatu, na mikwaju inaingia kama vile milingoti imepanuliwa. Kabla hata mechi haijaisha simu yangu ilitikisika. Ni beshte, neno moja tu: "Sasa?"

Nikamjibu huyu dogo aanze, Pollard akae akiba. Akaandika, "Na Libbok?" Nikamwambia benchi lina nafasi nane.